Ukimya wa Vyura: Hali ya Hewa, Maradhi na Somo la Kihansi

Wahenga walisema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii hutufundisha tusiyumbishwe na maneno ya watu. Lakini mtunzi wake, yeyote aliyekuwa, alikuwa amewaona ng'ombe, maji na vyura mahali pamoja, naye alichukulia kuwa vyura hao watakuwapo siku zote na kelele zao hazitakoma kamwe. Leo hatuwezi tena kuchukulia hivyo. Tangu miaka ya 1980, katika mabara karibu yote wanamoishi vyura, wataalamu wamefika kwenye mito na madimbwi yaliyokuwa yakivuma kwa sauti zao wakakuta kimya.

Makala haya yanahusu sababu mbili zinazotajwa mara nyingi katika jambo hili, yaani mabadiliko ya hali ya hewa na maradhi. Watu wengi huzizungumzia sababu hizi kana kwamba ni washtakiwa wawili waliosimamishwa kizimbani, na kwamba ni lazima mmoja aachiliwe ili mwingine apate kutiwa hatiani. Tutajaribu kuonyesha kwamba sivyo. Mara nyingi hali ya hewa hufungua mlango, na maradhi huingia. Ushahidi wa kuanzia hatuna haja ya kuutafuta ng'ambo, kwa maana tunao hapa Tanzania, katika Korongo la Kihansi.

Chura na manyunyu yake

Mto Kihansi huteremka kutoka milima ya Udzungwa, na maji yake huingia katika mto Kilombero, na hatimaye Rufiji. Mahali milima hiyo inapokatika, mto huanguka kwa maporomoko yanayofuatana, kwa kimo cha zaidi ya meta 800 kutoka juu hadi bondeni. Maji yanapoyagonga majabali hupasuka na kuwa manyunyu. Tangu zama zisizokumbukwa manyunyu hayo yalilowesha kando za korongo usiku na mchana, masika na kiangazi, hata ikapatikana sehemu ndogo ya nchi isiyojua ukame.

Mwaka 1996, wakati viumbe wa korongo hilo wakichunguzwa kwa sababu ya mradi wa umeme uliokuwa ukijengwa, alipatikana hapo chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye hakuwa akijulikana na sayansi. Wataalamu waliomweleza, miongoni mwao Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walimpa jina la Nectophrynoides asperginis. Neno la pili la jina hilo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu. Sisi twamwita chura wa Kihansi.

Jike mzima hazidi sentimeta 3 kwa urefu, na dume ni mdogo zaidi. Tofauti na vyura wengi tuwajuao, chura huyu hatagi mayai majini. Mayai hukua ndani ya mwili wa mama, na wanaozaliwa ni vyura wadogo waliokwisha kamilika, wala si viluwiluwi. Mwanafunzi atatambua mara moja faida ya uzazi wa namna hii mahali ambapo maji huenda kwa kasi na mayai yangechukuliwa na mkondo. Makazi yote ya chura huyu yalikuwa na ukubwa wa hekta 2 hivi, yaani kama viwanja vitatu vya mpira. Hakupatikana mahali pengine popote duniani.

Bwawa na kiangazi cha ghafla

Mitambo ya umeme ya Kihansi ina uwezo wa kutoa megawati 180. Kwa nchi yetu hilo halikuwa jambo dogo, kwani umeme huo ulihitajiwa viwandani, hospitalini na mashuleni. Mitambo ilipoanza kufanya kazi mwishoni mwa mwaka 1999, maji mengi yaliyokuwa yakianguka korongoni yaligeuzwa na kupitishwa katika handaki ili yazungushe mashine. Yaliyobaki katika njia yake ya asili yalikuwa kiasi cha sehemu moja tu katika kumi. Manyunyu yakapungua mno, nchi iliyokuwa chepechepe ikaanza kukauka, na mimea ya mahali pakavu ikaanza kuota.

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze maneno. Hali ya hewa ni mvua, jua, joto na upepo wa siku hizi au wiki hii. Tabianchi ni desturi ya hali hiyo kwa miaka mingi, kwa kawaida miaka 30 au zaidi. Lakini ipo pia hali ya hewa ya mahali padogo, kama vile chini ya jiwe, ndani ya gogo, au kando ya maporomoko. Kwa chura wa sentimeta 2, hewa ipimwayo na kituo kilicho umbali wa kilometa nyingi haina maana kubwa. Hali ya hewa yake ni ile iliyo karibu na ardhi, mahali alipokalia jani. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba huko Kihansi binadamu alibadili hali ya hewa ya kiumbe huyu, si kwa karne moja, bali kwa muda mfupi sana.

Serikali na wataalamu hawakukaa bure. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa na kupelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, na baadaye wakagawanywa katika bustani nyingine. Huko korongoni yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga kazi ya maporomoko. Wengi walitilia shaka jambo hilo, lakini lilianza kuzaa matunda. Mimea ya asili ilirudi, na vyura wakaongezeka. Katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kuwa karibu 21,000. Mwanafunzi apige hesabu mwenyewe: hekta 2 ni meta za mraba 20,000, basi palikuwa na chura mmoja hivi kwa kila meta ya mraba.

Kisha, katika miezi michache tu, wakatoweka. Mnamo Januari 2004 walionekana vyura watatu tu, na sauti za madume wawili zikasikika. Mwaka 2005 ndio wa mwisho ambao alionekana chura wa Kihansi aliyebaki mwenyewe porini. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Mazingira lilitangaza kwamba spishi hii imetoweka katika makazi yake ya asili.

Maradhi ya ngozi

Katika miili ya vyura waliokufa Kihansi mwaka 2003 ilipatikana kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis. Jina hili ni refu, nasi tutaiita kuvu ya kitridi, kwa jina la kundi lake. Sayansi ilikuwa imeifahamu kwa muda mfupi tu. Mwaka 1998 watafiti walieleza jinsi walivyoiona katika vyura waliokuwa wakifa Australia na Amerika ya Kati, na mwaka 1999 ikapewa jina, baada ya kupatikana pia katika chura aliyefugwa mjini Washington.

Kuvu hii haifanani na ukungu tuuonao juu ya mkate uliochacha. Ni kiumbe mdogo sana asiyeweza kuonekana ila kwa hadubini. Hueneza spora zenye mkia, ambazo huogelea majini mpaka zipate ngozi ya chura. Hapo spora hujichimbia katika tabaka la juu la ngozi lenye keratini, ile protini ijengayo kucha na nywele zetu. Hukua ikawa kama kifuko, na baada ya siku chache kifuko hupasuka na kutoa spora nyingine nyingi. Baadhi yake huambukiza tena ngozi ileile, na nyingine huenda kwa chura mwingine.

Huenda msomaji akauliza: maradhi ya ngozi yawezaje kuua? Kwetu sisi ngozi ni kama ukuta wa nyumba. Kwa chura, ngozi ni ukuta, dirisha, na pia bomba la maji. Chura hanywi kwa mdomo kama ng'ombe. Hufyonza maji kwa ngozi yake. Sehemu ya hewa ya oksijeni anayoihitaji hupita hapo hapo. Na ngozi hiyo ndiyo husawazisha chumvi za madini mwilini, hasa sodiamu na potasiamu. Ngozi iliyoshambuliwa huwa nene na kushindwa kufanya kazi hizi. Mwaka 2009 watafiti walithibitisha kwamba chumvi hizo hupungua sana katika damu ya chura mgonjwa, hata moyo ukasimama. Ndiyo kusema kwamba chura hufa kwa moyo, ingawa ugonjwa ulianzia kwenye ngozi.

Yaelekea kuvu hii ilienezwa na biashara ya binadamu. Kwa muda fulani asili yake ilidhaniwa kuwa Afrika. Katika miaka ya 1930 iligunduliwa kwamba ukimdunga chura jike wa Afrika ya Kusini aitwaye Xenopus laevis mkojo wa mwanamke mwenye mimba, hutaga mayai baada ya saa chache. Kwa sababu hiyo maelfu ya vyura hao walisafirishwa kwenda hospitali za ng'ambo, na kwa miaka mingi ndio waliotumika kupima mimba. Kuvu ilipopatikana katika chura wa namna hiyo aliyehifadhiwa tangu mwaka 1938, wengi waliona kwamba fumbo limefumbuliwa. Lakini mwaka 2018 uchunguzi wa vinasaba vya kuvu kutoka mabara mbalimbali ulionyesha kuwa chimbuko lake ni Asia ya Mashariki, na kwamba ilienea katika karne ya 20. Mwalimu aweza kulitumia jambo hili kuwaonyesha wanafunzi kwamba katika sayansi hoja nzuri hukubaliwa mpaka ushahidi ulio bora zaidi upatikane.

Ni nani aliyewaua?

Tukirudi Kihansi, twakuta kwamba mwaka 2003 mambo matatu yalitokea kwa wakati mmoja. Kwanza, kuvu ilionekana. Pili, milango ya bwawa ilifunguliwa kwa muda ili kusafisha matope yaliyojaa, na matope hayo yalikuwa na dawa za kuua wadudu zilizotoka kwenye mashamba ya juu ya mto. Tatu, mabomba ya kunyunyizia maji yaliharibika kwa kipindi fulani wakati wa kiangazi. Ni kipi kati ya hivyo kilichoua?

Uchunguzi wa baadaye wa vyura waliohifadhiwa katika maabara, uliochapishwa mwaka 2020, uliielekezea kidole kuvu kuwa ndiyo mwuaji wa karibu. Jambo hilo lafahamika, kwani kifo cha ghafla cha maelfu ya vyura ndivyo kuvu hiyo ilivyofanya mahali pengi duniani. Hata hivyo, mwanafunzi wa sayansi hana budi kuuliza swali la pili. Mtu mwenye njaa akifa kwa nimonia, daktari ataandika nimonia katika cheti. Je, njaa haikuwa na sehemu yake?

Hebu tufikiri. Kabla ya bwawa, vyura walitawanyika katika sehemu kadhaa zilizoloweshwa na manyunyu. Baada ya bwawa, uhai wao ulitegemea mabomba, na waliishi kwa msongamano katika sehemu zilizokuwa bado na unyevu. Maradhi yaenezwayo kwa maji na kwa kugusana hupenda msongamano. Zaidi ya hayo, watu walianza kuingia korongoni mara kwa mara kuhesabu vyura na kutengeneza mabomba, na buti lenye tope ni chombo cha kusafiria cha kutosha kwa kuvu hii. Hatusemi kwamba buti fulani ndilo lililoileta. Twasema kwamba hali mpya ya korongo iliupunguza ulinzi na kuiongeza njia. Kuvu ndiyo iliyoua, lakini ilimkuta chura aliyekwisha kunyang'anywa hali yake ya hewa.

Mlima usio na bwawa

Msomaji aweza kusema: hayo ni mambo ya bwawa, wala hayahusu dunia nzima. Basi twende mahali ambapo hapakujengwa bwawa lolote. Huko Monteverde, katika nchi ya Kosta Rika, upo msitu wa mlimani ufunikwao na mawingu, nao ulihifadhiwa vizuri. Humo aliishi chura ambaye dume lake lilikuwa na rangi ya machungwa iliyowaka kama kaa la moto. Mwaka 1987 zaidi ya vyura 1,500 wa aina hiyo walihesabiwa wakikutana kuzaliana katika madimbwi machache. Mwaka uliofuata walionekana wachache mno. Mwaka 1989 alionekana mmoja tu, dume peke yake. Tangu hapo hajaonekana mwingine, na mwaka 2004 spishi hiyo ilitangazwa kuwa imetoweka kabisa.

Hapakuwa na shoka wala trekta katika msitu huo. Nini kilitokea? Mwaka 1999 watafiti waliokuwa wakiishi huko walionyesha kwamba siku za kiangazi zisizo na ukungu zilikuwa zimeongezeka, wakahusisha jambo hilo na kupanda kwa joto la bahari na hewa. Mwaka 2006 wakatoa nadharia kwamba ongezeko la joto liliisaidia kuvu ya kitridi: mawingu yaliongezeka, mchana ukapoa, usiku ukawa na joto zaidi, na hali hiyo ikawa karibu na ile ambayo kuvu hukua vizuri.

Wataalamu wengine walipinga. Mwaka 2008 walionyesha kwamba vifo vya vyura katika Amerika ya Kati vilisogea kutoka mahali hadi mahali kama wimbi, jambo linaloonyesha ugonjwa mgeni unaosafiri, bila kulazimika kuongozwa na joto. Mwaka 2010 uchunguzi wa oksijeni iliyohifadhiwa katika mbao za miti ya Monteverde ulionyesha kwamba ukame wa miaka ya 1986 na 1987 ulikuwa mkali sana, lakini ulitokana na El Niño, ile hali ya bahari ya Pasifiki kupata joto kila baada ya miaka kadhaa, ambayo huleta ukame mahali pamoja na mafuriko mahali pengine.

Je, mabishano haya yaonyesha kwamba wataalamu hawajui kitu? La hasha. Ukiyatazama kwa makini utaona kwamba pande zote mbili zakubaliana juu ya jambo moja: palikuwa na ukame mkali, na palikuwa na maradhi. Walichobishania ni chanzo cha ukame na kiasi cha mchango wa kila mmoja. Na hadithi hiyo yafanana mno na ya Kihansi. Huenda madimbwi yalipokauka, vyura walisongamana katika yaliyobaki, na ugonjwa ukawakuta huko.

Joto lasaidia au lazuia?

Lipo fumbo moja ambalo lingefaa kujadiliwa darasani. Katika maabara, kuvu ya kitridi hukua vizuri katika joto la nyuzi za Selsiasi 17 hadi 25. Joto likizidi nyuzi 28 hivi hudhoofika, na likiendelea kupanda hufa. Basi, kama dunia inazidi kupata joto, kwa nini tusitarajie kuvu ipungue na vyura wapone?

Jibu ni kwamba yapo mahali ambapo huenda ikawa hivyo, hasa katika mabonde yenye joto. Lakini ugonjwa ni mapambano ya wawili, na hatuwezi kumpima mmoja tukamsahau mwingine. Chura hana joto lake mwenyewe la mwili. Joto lake hufuata lile la mahali alipo. Kwa hiyo hali ya hewa inapobadilika, kinga yake nayo hubadilika. Yafuatayo ni mambo manne yaliyokwisha kuonekana.

Kwanza, spishi zilizozoea baridi huugua zaidi wakati wa joto lisilo la kawaida kwao, na zile zilizozoea joto huugua zaidi wakati wa baridi. Hayo yalionyeshwa mwaka 2017 kwa majaribio na kwa takwimu kutoka nchi nyingi. Kuvu, kwa kuwa ni ndogo na huzaliana upesi, huizoea hali mpya kabla ya chura.

Pili, kigeugeu cha joto huwa na madhara yake. Joto likipanda na kushuka bila utaratibu, kinga ya chura huchelewa kujirekebisha, na nafasi hiyo ndogo yatosha kwa vimelea.

Tatu, ukame hupunguza mahali penye maji. Vyura hukusanyika pamoja, na ugonjwa hupita kwa urahisi kutoka mmoja hadi mwingine.

Nne, mlima una kilele. Kiumbe aliyezoea ubaridi wa mlimani aweza kupanda juu kadiri joto linavyoongezeka, lakini akifika kileleni hana tena pa kwenda. Jambo hili latuhusu sana sisi. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia vilima vya Taita nchini Kenya, kupitia Usambara na Uluguru hadi Udzungwa, ni kama visiwa vya ubaridi na unyevu katikati ya nchi kavu. Vyura wengi wa huko hawapatikani popote pengine. Wamo na jamaa wa karibu wa chura wa Kihansi, wa jenasi ileile ya Nectophrynoides, ambao nao huzaa watoto waliokamilika, na wengi wao wana mlima wao au msitu wao mdogo.

Hasara yake ni nini?

Mwaka 2019 wataalamu walikadiria kwamba ugonjwa wa kuvu hii umesababisha kupungua kwa spishi zisizopungua 501 za amfibia, na kwamba 90 kati ya hizo zadhaniwa kuwa zimetoweka. Mwaka 2023 ilitolewa tathmini ya spishi zaidi ya 8,000 duniani, ikaonekana kwamba katika kila 100, zaidi ya 40 zimo katika hatari ya kutoweka. Tathmini hiyo ilionyesha pia badiliko ambalo yafaa litutie wasiwasi. Kati ya mwaka 1980 na 2004, maradhi na uharibifu wa makazi ndivyo vilivyokuwa vikuu. Tangu mwaka 2004, mabadiliko ya tabianchi yamekuwa sababu kuu kwa spishi 39 katika kila 100 ambazo hali yake ilizidi kuwa mbaya.

Wapo watakaouliza kama inafaa taifa lenye mahitaji mengi lihangaike kwa ajili ya chura. Swali hilo lilisikika sana wakati wa Kihansi, wala si la kudharauliwa. Mwenye kuuliza anahitaji umeme, maji na chakula. Lakini chura na kiluwiluwi chake wamo katika mizani ileile ya uhai ituhusuyo sisi. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Kosta Rika na Panama. Watafiti walilinganisha tarehe ambazo vyura walipotea katika kila wilaya na takwimu za malaria, wakaona kwamba wagonjwa wa malaria waliongezeka sana katika miaka iliyofuata kupotea kwa vyura. Viluwiluwi hula chakula kilekile cha viluwiluwi vya mbu, na amfibia wengine huwala mbu wenyewe. Nchi zetu, zinazoujua ugonjwa wa malaria kuliko nyingi, zina sababu ya kutega sikio.

Kurudi nyumbani

Habari za Kihansi hazikuishia katika kifo. Wale vyura waliopelekwa Marekani walipata taabu mwanzoni. Wengi walikufa kabla wafugaji hawajafahamu mwanga, chakula na unyevu uliowafaa, na ilifika wakati ambapo walibaki chini ya 100. Kisha wakaanza kuzaliana. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Tanzania na kuwekwa katika nyumba maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2012 vyura wapatao 2,000 waliachiliwa katika korongo lao, chini ya manyunyu ya mabomba. Inatajwa kuwa ndiyo mara ya kwanza duniani kwa amfibia aliyetoweka porini kurudishwa katika makazi yake.

Hata hivyo tusijidanganye. Kuachilia vyura korongoni ni kazi moja. Kuwafanya waishi na kuzaliana bila msaada wa binadamu ni kazi nyingine, iliyo ngumu zaidi. Kuvu ikishaingia mahali haiondolewi kwa urahisi, kwani huweza kukaa katika vyura wengine wasioumwa nayo. Na mabomba hayana budi kutunzwa mwaka baada ya mwaka. Maporomoko yaliifanya kazi hiyo bure.

Kazi iliyo mbele yetu

Ndugu mwalimu, nawe ndugu mwanafunzi, usidhani kwamba mambo haya ni ya maabara kubwa peke yake. Zipo kazi ziwezazo kufanywa na shule yoyote.

Kwanza, ni kuandika kumbukumbu. Chagueni dimbwi moja au kijito kimoja karibu na shule. Kila juma, saa ileile ya jioni, sikilizeni kwa muda wa dakika kumi, mkaandike ni sauti za aina ngapi zilizosikika, pamoja na mvua iliyonyesha na kiwango cha joto. Daftari la namna hiyo likitunzwa kwa miaka kumi, na wanafunzi wakarithishana, litakuwa hazina ambayo mtaalamu yeyote angefurahi kuiona. Matatizo ya Monteverde yalijulikana kwa sababu walikuwapo watu waliokuwa wakihesabu kabla ya maafa.

Pili, ni kutohamisha maradhi. Atokaye kwenye kijito kimoja kwenda kingine asafishe tope viatuni na vyombo vyake, kisha avikaushe kabisa juani, kwa maana kuvu hii haistahimili ukavu. Chura aliyekamatwa mahali fulani asiachiliwe mahali pengine. Na katika shule zinazotumia vyura kwa mazoezi ya baiolojia, maji waliyofugiwa yasimwagwe mtoni, na mizoga yao izikwe au ichomwe.

Tatu, ni kutunza vivuli na vyanzo vya maji. Hatuwezi kulizuia joto la dunia kwa kijiji kimoja, lakini twaweza kuilinda hali ya hewa ya mahali padogo. Mti ulioachwa ukingoni mwa kijito hupunguza joto la maji, na bonde lisilolimwa mpaka ukingoni hubaki na unyevu kiangazi kizima. Kwa kiumbe wa sentimeta 2, kivuli hicho ndicho tabianchi.

Ng'ombe na chura hunywa maji ya mahali pamoja, mmoja kwa mdomo na mwingine kwa ngozi. Chura, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba, huwa wa kwanza kupata habari za maji hayo na za hewa iliyo juu yake. Kelele zake hazikumzuia ng'ombe kunywa. Lakini siku atakaponyamaza, mwenye ng'ombe na ainame ayatazame maji kwa makini kabla ya kumwacha mnyama wake anywe.